Mama Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Shida ilinianza nina miaka minane, baba alipofariki. Hata leo nikinusa mafuta ya taa, namkumbuka mama. Koroboi ilikuwa kwa babu tu, na kwa mila yetu mke haonani na baba mkwe wake. Basi nilisomea kwa babu, mama akinisikiliza nje, nyuma ya ukuta wa mianzi. Nikikosea, aligonga.

"Panya wa hapa wamesoma kuliko mwalimu," babu alisema jioni moja, akazima koroboi. "Shule haitulishi, mjukuu wangu. Kesho unachunga ng'ombe."

Gizani mama aligonga, akagonga tena. Asubuhi nikaenda kuchunga, na shule sikuirudia tena.

Leo nina nyumba ya matofali, shamba la chai Lufingo, mashine ya kusaga, na kaburi la mama, nimelisakafia mwenyewe.