Mvuto wa Misa ya Kwanza

Mwezi wa sita hapa Sumbawanga upepo unakata masikio, na misa ya kwanza watu wanakwenda na masweta juu ya masweta. Mimi navua la kwangu. Tangu hedhi initoroke bila kuaga, joto linanipanda ghafla hadi shingo inalowa jasho, najipepea kwa kitenge kama niko kule bondeni Muze.

Akina mama wa jumuiya wakaanza kugombea kukaa ubavuni kwangu. Nikavimba kichwa: kumbe uzeeni ndiyo nimepata mvuto! Hata wanja nikaanza kupaka.

Jumapili moja nikachelewa. Nilipofika kwenye benchi letu, nikamsikia jirani yangu akimwambia mwenzake, "Sogea, mwachie yule mama akae katikati. Leo sijavaa sweta."