Kitanda Kilichomwaga Mawe

Lori lililonifikisha Arua lilibeba chumvi na sabuni, nami nilikaa juu ya magunia pamoja na wanawake wawili wachuuzi waliolala karibu safari yote. Nilikuwa nimetoka kwetu Kisii, nikapitia Kisumu na Busia, kisha nikakwama Kampala nikingoja gari mpaka kola ya shati langu ikabadilika rangi. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha. Barabara ya kaskazini haikuaminika wakati ule, na madereva walingojana ili waende kwa msafara. Vumbi lilipotuzidi tulijifunika turubai. Joto la turubai likitushinda, tulirudi kwenye vumbi.

Pakwach, kabla ya kuvuka daraja, tuliteremshwa wote na kila mtu akafungua mzigo wake chini. Wangu ulikuwa na randa, patasi, nguo chache, na kifuko cha kitambaa kilichojaa unga wa rangi ya waridi. Askari mmoja alichovya kidole.

“Hii iko dawa ya nini?”

“Ni mawe, afande. Mawe ya kwetu yaliyosagwa. Napambia mbao.”

Akaonja, akatema, akawaita wenzake. “Kujeni muone mutu anatoka Kenya analeta mawe Uganda! Walikuambia huku mawe imekwisha?”

Wale wanawake, ambao sasa walikuwa macho kabisa, walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nami nikacheka kwa adabu, masikio yakiniwaka.

Mawe ya kwetu ni laini. Wachongaji huyatengenezea bakuli na sanamu za wanyama, na vumbi linalobaki humwagwa nyuma ya nyumba. Nilipomaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda nilijifunza useremala. Siku moja, kwa kuchoshwa tu na mbao tupu, nilichimba mfereji mwembamba kwenye mlango wa kabati nikaujaza vumbi lile lililochanganywa na gundi. Likishakauka unalipiga msasa mpaka jiwe na mbao vilingane, halafu vanishi. Ukipitisha kiganja huhisi mpaka. Hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri. Meza zangu ziliweza kuyumba, lakini mistari yangu watu waliipapasa. Na kwa kuwa sikuweza kukaa mahali pamoja, kila niliposikia kuna mbao nzuri na watu wanaojenga, nilifunga mfuko.

Arua nilipata karakana karibu na Onduparaka, ambako kazi ilisimama kila timu ya mtaa ilipocheza na tajiri mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa nyundo. Palinifurahisha, kisha pakanichosha. Nikaenda Koboko. Huko watu walikuwa wanarudi kutoka Zaire na Sudan, walikokimbilia baada ya vita vya 1979, na kila aliyerudi alitaka mlango. Mbao zilivuka mpaka juu ya baiskeli. Nilifanya kazi kwenye kibanda cha mabati na seremala Mkongo, mtu mzima mwenye mzaha, ambaye hakuwahi kuniita jina lingine ila “Kenya”.

Hapo ndipo aliponijia yule mama. Alikuwa mjane wa askari. Alikuja na karai kichwani, akalitua kwenye meza yangu ya kazi bila kuuliza. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sakafu ya terazo, ile ya saruji na mawe iliyosuguliwa ing'ae, vya kijani chenye madoa meupe, bado vina udongo na mizizi ya nyasi.

“Fundi, ni wewe unasaga mawe?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi saga hii. Iko nyumba yangu.”

Akanieleza akiwa amesimama. Mumewe aliijenga kabla ya vita, na upande ule wa Koboko hakuna mwingine aliyekuwa na sakafu kama hiyo. Walikimbia, mume akazikwa Zaire. Aliporudi alikuta mabati yamekwenda, milango imekwenda, hata matofali yamebebwa, nyasi zimefika kiunoni. Chini ya nyasi sakafu ilikuwa bado ipo.

“Sakafu ilikuwa nzito, wakaacha,” alisema, akacheka kidogo.

Binti yake wa mwisho alizaliwa juu ya sakafu ile. Sasa alikuwa anaolewa Arua, kwa wafanyabiashara wenye maduka.

“Watu ya bwana wanasema mutoto yangu anatoka kwa majani. Sawa. Mimi nataka alale chini ya nyumba ya baba yake. Weka yote kwa kichwa ya kitanda, fundi. Usibakishe.”

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake.

Niliviponda vile vipande ndani ya gunia, nikavitwanga vikawa punje za ukubwa wa mahindi, na vumbi lake nikalichekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha. Kwenye ubao wa mvule nilichonga tawi la simsim, yaani ufuta, lenye maua, kutoka pembe moja hadi nyingine, mifereji yake mipana kuliko kawaida ili mawe yote yaingie. Tatizo lilikuwa gundi. Ya kiwandani ilitoka Kampala, na malori yalikuwa yamezuiwa njiani kwa majuma. Arusi haikuweza kungoja.

“Kenya, acha kulia,” Mkongo aliniambia. “Kwetu tunatumia nta. Nta na utomvu ya muti. Inashika kama meno ya mamba.”

Nilipata nta safi kwa wafuga nyuki wa Adumi. Niliiyeyusha na utomvu, nikachanganya na mawe, nikajaza mifereji ingali moto. Ilipopoa ilikuwa ngumu. Niligonga ubao kwa nyundo upande wa nyuma na halikudondoka hata jiwe moja. Mama alipokuja kutazama alisimama mbele ya ule ubao, akavua kandambili zake, ndipo akanyoosha mkono na kugusa. Nilijivuna siku nzima.

Nilichokosa kuuliza ni jambo ambalo mtu yeyote wa Koboko angenijibu. Kitanda cha bibi arusi katika nyumba za pale hufukizwa. Shangazi na mama wadogo huweka chetezo chenye makaa na udi chini yake, wanakifunika kwa mablanketi, na moshi unaingia mpaka ndani ya mbao. Kisha hukipaka mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, na safarini hubebwa wazi juani, ili asiwepo wa kusema kimeazimwa au kina kasoro. Mafundi wa pale walijua hayo tangu utotoni na hawakuweka kwenye kitanda kitu chochote kinachoogopa moto. Mkongo hakujua. “Kwetu bibi arusi hafukizwi,” aliniambia baadaye, akiangalia pembeni.

Asubuhi ya arusi nilikwenda kwao kwa sababu ningesafiri na kitanda, nikifunge Arua. Nilipoingia uani nilinusa udi, na chini ya udi harufu ya asali. Nikagusa tawi la simsim. Kidole kilizama.

“Dada,” nilimwambia shangazi aliyesimamia upakiaji, “tukifunike kwa turubai. Jua litaharibu kazi.”

“Kufunika?” Aligeuka ili wote wasikie. “Sisi iko na nini ya kuficha?”

Wanawake wakapiga vigelegele. Ubao ukasimamishwa nyuma ya pikapu, uso wake juani, ukimetameta kwa mafuta, nami nikapanda kando yake.

Jiwe la kwanza lilianguka kabla hatujatoka mjini. Barabara ya Koboko hadi Arua wakati ule ilikuwa ya changarawe yenye mikunjo kama ubao wa kufulia nguo, na kila gari lilipotikisika mawe yaliteleza ndani ya nta, yakakusanyika chini ya jani, yakamwagika. Niliweka viganja vyangu juu ya maua. Nta ikatoka na viganja. Wanawake waliimba, wakapunga vitambaa, wakamwimbia hata mwendesha baiskeli aliyetupisha. Mama alikuwa ameketi mbele na dereva na hakuona kitu. Nilitamani gari liharibike.

Nyumbani kwa bwana arusi uwanja ulijaa watu. Ubao ulishushwa, na kelele zikapungua, zikapungua, mpaka nikasikia kuku. Tawi lote lilikuwa mashimo ya manjano, na mawe machache yamebaki huku na huku.

“Wee!” Shangazi wa bwana arusi alikuwa mnene na sauti yake ilifika barabarani. “Hii kitanda iko mzee! Meno yote imeng'oka njiani!”

“Walileta kitanda ama walileta ufizi?” mwingine akadakia.

Kicheko kikapasuka. Mama alishuka kwenye gari, akaja mpaka mbele ya ubao, akautazama. Kisha akanitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni.

“Mama,” nikaanza.

“Nyamaza, fundi. Funga kitanda.”

Akawageukia wale wanawake, mikono kiunoni.

“Nyinyi watu ya Arua hamujui desturi? Mawe ya nyumbani tunamwaga kwa njia! Siku mutoto wenu anapiga mutoto yangu, yeye anafuata mawe tu, polepole, mpaka kwa mama yake. Haulizi mutu.”

Wanawake wa Koboko walikuwa hawajapata kusikia desturi hiyo tangu wazaliwe. Lakini waliidaka hapohapo, wakapiga vigelegele kama waliokuwa wakiingoja. Yule shangazi mnene alisita, kisha akapiga makofi.

“Basi sisi tunafagia barabara!”

“Fagia!” mama akajibu. “Mukifika Koboko, hata ufagio yenu itang'oka meno!”

Wakacheka pande zote mbili, wakakumbatiana, na chakula kikaletwa. Mimi nilikuwa nimelala chini ya kitanda nikikaza bolti, na kutoka pale niliona mkono wa mama umepita nyuma ya ubao. Kucha yake ilikuwa inachokoa jiwe moja lililobaki ndani ya nta. Lilipotoka alilifumbata, akaendelea kucheka na wenzake.

Sikurudi na pikapu. Nilisema nina shughuli Arua, kisha kesho yake nikaanza kutembea kuelekea Koboko, macho chini. Jiwe la kijani likishalala kwenye vumbi jekundu halitofautiani na mengine. Ilinibidi niteme mate juu ya kila nililoshuku, nilisugue, ndipo nijue. Wachunga ng'ombe walisimama kunitazama.

“Kaka, umepoteza nini?”

“Sakafu,” nilijibu, kwa sababu sikuweza kufikiria neno lingine. Wakapitisha ng'ombe wao upande wa pili wa barabara.

Nilipata yaliyojaa kiganja kimoja. Niliyaosha, nikampelekea mama. Alikuwa anapepeta simsim. Aliyaangalia bila kuyapokea.

“Umeokota ya nini? Rudisha. Mutoto yangu atapita wapi?”

Nilingoja atabasamu. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, na alinifungia pa kuyaweka. Angenitukana mbele ya watu ningelala. Nilirudi na mawe yangu, nikayamwaga kwenye njia ya kutokea kwake, kama alivyosema.

Miezi ikapita, gundi ya kiwandani ikarudi madukani, nami nikadhani mambo yamesahaulika. Kisha mama akaja kibandani na jirani yake ambaye binti yake alikuwa anaolewa Arua pia.

“Anataka kitanda ya kumwaga,” mama alisema.

“Ya mawe,” jirani akaongeza. “Kama wazee walifanya zamani. Usikaze sana, fundi.”

Mkongo aliacha randa, akatoka nje ili acheke. Nilimtazama mama usoni nikitafuta kejeli. Sikuiona. Alikuwa anapapasa ubao uliokuwa mezani, akiulizia kama mvule huo ni mkavu.

Nilichukua kazi hiyo na nikaifanya kwa gundi nzuri. Nilisaga tofali la kuchoma la nyumba ya yule jirani mpaka likawa jekundu kama pilipili, nikalitia kwenye maua madogo madogo, nikapiga msasa jioni nyingi. Ni kazi bora kuliko zote nilizopata kufanya, na nilihakikisha chetezo na mafuta na barabara havitaweza kuigusa. Nilifikiri mama atakapoiona inafika Arua ikiwa nzima, ataelewa kuwa ndivyo ninavyomwomba radhi.

Siku moja kabla ya arusi nilipita pale nyumbani. Shangazi wa bibi arusi alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao na msumari mkononi, anachimbua maua yangu moja moja. Chembe nyekundu zilikuwa zinaingia kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, na mama ndiye aliyelishika.

“Fundi, ulikaza sana,” shangazi alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni amekosea njia.

Mama hakuinua macho. “Tunasaidia tu,” alisema.

Nilirudi kibandani nikaweka randa na patasi kwenye mfuko. Mkongo alidhani natania. Asubuhi nilimwachia msasa uliobaki na vanishi nusu kopo, nikaenda kukaa kwenye mfuko wangu kando ya barabara ya Arua, kungoja lori lolote.

Pikapu ya arusi ilitangulia kupita. Ubao ulikuwa umesimamishwa nyuma, maua yake yamechimbika. Mama alikaa kando yake na lile kopo mapajani, anachota kidogo kidogo, anamwaga njiani. Gari lilipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo. Aliniona, akauona na mfuko.

Akatia mkono wote ndani ya kopo, akanirushia miguuni.

“Fundi! Na wewe usipotee!”

Wanawake wakapiga vigelegele, gari likaingia kwenye vumbi. Chembe nyekundu zilikuwa zimezunguka viatu vyangu, nyingine zimeingia ndani. Sikuinama. Lori lilipofika nilipanda nikakaa nikitazama mbele, na sijarudi Koboko tena.