Benchi la Nyuma Alilokaa Mama Mchungaji

Enzi zile watu walizoziita za ruksa zilitukuta juu ya lori, tumekalia magodoro na masufuria, tunahamia kijijini. Baba alikuwa amewekewa mikono mwezi uliotangulia, kola yake ya uchungaji bado nyeupe pe, na usharika wake wa kwanza ulikuwa huko mbele ya Ilongero. Wenzangu mliozaliwa wakati mche wa sabuni unakatwa kwa uzi ili majirani wagawane, nyinyi hamhitaji kuelezwa. Ghafla ruksa ya biashara ikaja, maduka yakajaa. Sabuni ya rangi tatu, biskuti, kandambili, na mitumba iliyomwagwa chini mnadani kama mavuno. Watoto wa leo wanachagua viatu kwenye simu na bado wananuna. Sisi tulichagua kwenye rundo, kiatu cha kushoto kikipatikana, ukoo mzima unainama kutafuta cha kulia.

Tulipofika, wanawake wa usharika walikuwa wameifagia nyumba yetu na kutusongea ugali wa uwele, na mlenda, na kuku. Nilikuwa darasa la tatu, nimekulia Singida mjini, na ule ugali mweusi niliutazama kwa mashaka. Mama alinikata jicho. "Rehema, kula. Chakula cha watu hakikaguliwi." Nikala. Kufikia mavuno ya kwanza nilikuwa nauomba mwenyewe, na maziwa mgando juu yake.

Maisha yalikuwa matamu, nalisema bila kuomba radhi kwa yeyote anayetuonea huruma. Tuliteleza juu ya majabali mpaka kaptula za wavulana zikatoboka matako. Tulicheza rede mpaka jua likazama, tukatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda mbali kwa mashindano. Mtu mzima yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukimpita bila shikamoo, habari ilifika nyumbani kabla yako. Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mazao zilipigwa mnada nje ya kanisa: kuku, mayai, kibuyu cha asali. Watu walicheka mpaka machozi.

Lakini kanisani kila mtu alikuwa na mahali pake. Wanaume kulia, wanawake kushoto, wazee wa kanisa mbele. Benchi la kwanza upande wa kushoto lilikuwa la Mama Mchungaji. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, palikuwa na benchi lisilo na egemeo. Hilo lilikuwa la waliotengwa.

Kwenye kwaya kulikuwa na binti aitwaye Yusta, mtoto wa mjane. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, na sauti yake ilikuwa inapanda mpaka unasahau kwamba bati linachoma. Alikuwa akija kwetu kumsaidia Mama kupepeta mtama, akinifundisha sauti ya pili. Mwaka huo malori ya wanunuzi wa alizeti yalianza kuingia kijijini kutoka mbali, maana biashara ilikuwa imefunguliwa, na pamoja na malori wakaja vijana wenye redio na maneno laini. Alizeti ilipokwisha, malori yakaondoka. Yusta akabaki na mimba.

Baraza la wazee likakaa. Aliyeliongoza alikuwa Mzee Labani, mtu mrefu, mkavu, mwaminifu kweli kweli. Bati la kanisa lile aliliezeka kwa mikono yake, na neno lake lilikuwa halirudishwi. Alisema utaratibu unajulikana. Baba, mchungaji mpya, kijana kuliko wote mle ndani, akakubali.

Jumapili ile Yusta alisimamishwa mbele, kitenge kimefungwa juu ya tumbo, kosa lake likasomwa. Hakuruhusiwa kuimba, wala kukaribia meza ya Bwana, mpaka baraza litakapompokea tena. Mwanamume hakutajwa. Kisha akaambiwa aende nyuma. Kanisa zima lilisikia kandambili zake zikiburuzika sakafuni.

Alipokaa, Mama alisimama. Akamchukua mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma. Mama akakaa kwenye lile benchi, bega kwa bega na Yusta, akafungua kitabu cha nyimbo na kukiweka katikati yao. Baba, pale madhabahuni, alipoteza mstari aliokuwa akiusoma.

Jioni walizungumza jikoni, na sisi tulikuwa hapo hapo tunamenya karanga.

"Mama Rehema, umeniaibisha mbele ya wazee."

"Nimekaa tu, Baba Rehema. Kukaa ni aibu?"

"Lile si benchi lako."

"Mama yake amelala mgonjwa. Nani akae naye?"

Baba akainuka, akatoka nje.

Jumapili iliyofuata Mama akakaa nyuma tena. Na iliyofuata. Msidhani watu walimshangilia. Wanawake waliokuwa wakituletea maziwa wakaacha. Wenzangu wa rede wakaambiwa wasicheze na mimi. Kisimani Mama alisalimiwa kwa midomo, si kwa moyo. Mzee Labani alikuja nyumbani, akakataa hata kiti.

"Mchungaji, mrudishe mkeo mbele. La sivyo tutaomba tuletewe mchungaji mwingine."

Hatukuwa na kwingine kwa kwenda. Baba akasema polepole, "Mzee wangu, siku ile nilikubali nikijua moyoni kwamba si sawa. Mke wangu yuko pale kwa sababu mimi sikwenda. Siwezi kumrudisha."

"Basi umechagua," akasema Mzee Labani, akaondoka.

Tukasubiri kuhamishwa. Mama alianza kukunja nguo, akazikunjua, akasema atapanda mtama kama kawaida, na akapanda.

Siku moja ya ibada, katikati ya wimbo, bibi mmoja aliinuka kutoka mabenchi ya katikati. Alikuwa mama mzazi wa Mzee Labani, kikongwe wa fimbo, macho yameingia ukungu. Wote tulimwita Bibi tu. Alikuja akipapasa kingo za mabenchi mpaka akatufikia. "Sogeeni," akasema. Tukasogea. Akakaa, akamshika Yusta mkono, akabaki hivyo mpaka baraka.

Watu walipotoka, Mzee Labani alimjia mlangoni. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya Bibi na ukuta, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, unatafuta nini hapa?"

"Hapa napajua, mwanangu. Nilikaa hapa zamani, peke yangu, hakuna aliyekuja. Wewe ulikuwa tumboni."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Labani hilo. Akampa mama yake mkono, wakaenda zao taratibu.

Hakutubu hadharani, hakulia, mambo hayo sijayaona. Lakini habari ya kutuhamisha haikusikika tena. Wanawake wakaanza kuja nyuma, kwanza mmoja, kisha watatu, mpaka mbele pakabaki peupe na watoto wakapata nafasi. Yusta alipojifungua, Baba alimbatiza mtoto mbele ya kanisa lote bila kumsimamisha mama yake popote, na Mzee Labani ndiye aliyeshika bakuli la maji. Wazee wawili walitoka nje. Waache watoke. Yusta alirudi kwenye kwaya na mtoto mgongoni. Upepo wa kiangazi uliponyanyua bati letu, Mzee Labani alikuja na nyundo, akapanda juu akagongelea, akashuka, akanywa uji wa Mama mpaka mwisho.

Siku hizi Mama amezeeka, anakaa Unyambwa, karibu na Singida mjini, na wajukuu wanamwambia zamani ilikuwa ya giza, ya kuonea watu. Ni kweli ilionea. Siipambi. Makanisa ya sasa yana viti vya plastiki na spika zinazotikisa kifua, na hakuna anayesimamishwa mbele. Vijana wetu hawatengi mtu kanisani. Wanamtenga kwenye simu, usiku mmoja, nchi nzima, na kila mmoja anasema yeye alituma tu alichotumiwa.

Mjukuu mmoja alimwuliza juzi kama hakuogopa. Mama alikuwa anachagua choroko. "Niliogopa sana," akasema. Kisha akampa ungo amalizie yeye, na akaniambia nimpigie Yusta nimuulize kama mwaka huu uwele umekubali.