Fimbo Mbili, Muuaji Mmoja

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Somanda hapa Bariadi, na haya nayaandika nikiwa na hasira.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kununua pamba, tulikuwa tunalima upande wa Mwandoya. Siku moja rafiki wa mume wangu, nimwite Masunga, aliona jiwe chini ya mizani ya mnunuzi, akajua tunapunjwa. Akapiga mwano, yowe letu la mwizi. Ukisikia mwano unatoka na fimbo, huulizi. Mpima pamba alikuwa kijana wa kuja, hajui mila zetu, akakimbia. Kwetu anayekimbia mwano amekwisha kukiri.

Wanaume walimzingira penye magunia wakampiga mpaka shati likalowa damu. Akachomoka. Masunga na mume wangu wakarusha fimbo kwa pamoja, niliona kwa macho yangu. Ya Masunga ikazama kwenye gunia. Ya mume wangu ikampasua yule kijana kichwa. Alitapatapa chini kama kuku aliyechinjwa, akafa palepale. Baadaye tukaambiwa jiwe lile lilikuwa la kusawazisha mizani tu.

Mume wangu alifungwa miaka mingi. Nililea watoto peke yangu, nikiitwa mke wa muuaji. Masunga hakutajwa popote, akawa mzee wa kanisa.

Sasa kijana wake amempa mimba binti yangu wa mwisho na anataka kumuoa. Masunga amekataa kutuma washenga. Alisema mbele ya watu, "Sichanganyi damu yangu na nyumba ya muuaji."

Nilitaka kumrukia kooni. Mume wangu akanishika mkono, na tulipofika nyumbani akaniambia, "Mayu, mama watoto, muache. Fimbo yangu ingekosa, hata mimi ningejiona mtu mwema." Amenikataza kabisa kulitaja jambo hili.

Binti hali chakula, analia tu. Nikinyamaza, mjukuu wangu atazaliwa akikataliwa kwa kosa ambalo babu zake wote wawili walilifanya. Nikisimama kanisani nikasema, nitakuwa nimevunja neno la mume wangu, na kijana anaweza kutuchukia kwa kumvua nguo baba yake.

Lile gunia lililomwokoa Masunga lilikuwa letu. Nililishindilia pamba mwenyewe, kwa miguu yangu hii. Ndugu zangu, nishaurini: niseme, au niendelee kumficha?