Nesi wa ndege aliyemzalisha mke wangu juu ya ziwa, na siku tuliyomheshimu kwa matusi

Wakuu wa jukwaa, shikamooni mnaostahili, na nyie vijana wa juzi marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Shinyanga mjini, nina magoti mabovu na bando la wiki. Ninachoandika hapa si chai. Kilinitokea mimi mwenyewe, na mke wangu yupo hapa pembeni anachambua mchele, ameshanionya mara mbili nisitie chumvi.

Jana niliona picha humu, wauguzi wa ndege za wagonjwa wanapewa tuzo. Wamependeza, suti, maua, makofi. Nikacheka peke yangu mpaka miwani ikadondoka. Maana na mimi niliwahi kuandaa tuzo ya nesi wa ndege, na ikageuka kituko.

Haya, tuanze.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko ndani, upande wa Rwamgasa. Msifikirie Rwamgasa ya sasa ya maduka na bodaboda. Enzi zile ilikuwa mihogo, ng'ombe, na wachimbaji wachache walioingia kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, kimyakimya na kutoka wamejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope.

Nilikuwa na mke mmoja, Kabula, na mimba moja. Ndivyo nilivyodhani.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alfajiri Kabula akashikwa na uchungu. Tukampeleka zahanati ya misheni kwa baiskeli, mimi nasukuma, mama yangu mzazi yuko nyuma ananigombeza kwa Kisukuma kana kwamba yale mashimo nimeyachimba mimi.

Saa mbili asubuhi akazaliwa mtoto wa kiume. Mzima, analia mpaka raha! Nikatoka nje nikaanza kupeana mikono na watu wote, mpaka wagonjwa wa malaria waliokuwa kwenye benchi nikawapa mkono.

Mkunga akatoka. Hakucheka.

"Mwalimu, tulia kwanza. Kuna mwingine ndani. Na huyu amekaa kimkingamo."

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Zahanati haikuwa na upasuaji. Barabara ya Geita ilikuwa imekatika, mto umeondoka na daraja. Kabula alikuwa anavuja damu na sauti yake inapungua. Mkunga akaniambia bila kuzunguka: huyu akikaa hapa mpaka jioni, tunamkosa yeye na mtoto.

Bahati yetu misheni ilikuwa na redio ya upepo. Bruda mmoja akaita Mwanza, akaita, akaita, mpaka akajibiwa. Ndege ya madaktari inakuja. Maagizo mawili tu: ondoeni ng'ombe kwenye uwanja wa zamani wa mgodi, na washeni moto wa moshi ili rubani aone upepo unakoelekea.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Nilichukua kengele ya shule nikakimbia kijijini napiga kelele, "Moshi! Ndege inataka moshi! Washeni moshi!" Nikasahau kusema moto mmoja. Nikasahau kusema wapi.

Basi kila kaya ikawasha wake. Wengine wakaongeza mavi ya ng'ombe ukolee. Baada ya nusu saa kijiji kizima kilikuwa kinafuka kama mabani ya kukaushia tumbaku kule Ushetu, na wenyewe tunakohoa. Ndege ikaja, ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasikia rubani aliuliza kwenye redio kama tunaungua.

Mama yangu akasema, "Hata shetani asingepaona hapa."

Wachimbaji ndio waliotuokoa. Vijana wale walimbeba Kabula na kitanda chake, wanane, wakakimbia naye mpaka uwanjani huku wakiimba ili wasipotezane hatua. Rubani akawaona wao, akashuka. Ng'ombe wote walikuwa wametoka isipokuwa dume moja la Mzee Luhende, lenyewe likakimbia mbele ya ndege mpaka mwisho wa uwanja kana kwamba linaonesha njia. Kweli tupu!

Mlango ukafunguka, akaruka mwanamke.

Mfupi, mwili umejaa, gauni jeupe, raba miguuni. Jina lake Sista Fausta. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha Tanga kabisa, kile cha kukufanya uone aibu na cha kwako. Nikajisemea, huyu mtu wa pwani, sijui kama ataweza matope yetu.

Aliweza. Alipiga magoti kwenye maji, akampima Kabula, akamchoma sindano, akamtundikia dripu na kumkabidhi mchimbaji mmoja chupa aishikilie juu. Yote hayo nikiwa bado natafuta namna ya kumwambia karibu.

Rubani akasema uwanja una tope na ni mfupi, ataondoka na mgonjwa na nesi basi. Mimi nibaki. Mama abaki. Na kichanga kibaki na bibi yake, kwa kuwa ni mzima.

Hapo mama akajisimika mlangoni mwa ndege, mtoto kifuani.

Kwetu mapacha tunawaita mabasa, na mambo yao si ya mchezo. Mama akasema kwa Kisukuma kwamba mabasa hayatenganishwi. Ukimwacha Kulwa, huyu wa kwanza, hapa, Doto wa pili huko hatakuja.

Nikatafsiri kwa aibu. Mimi msomi bwana, cheti cha ualimu mfukoni, namtafsiria nesi imani za mama yangu mbele ya ndege inayounguruma. Nikaongeza, "Samahani Sista, ni wazee hawa."

Sista Fausta akamsogelea mama. Alimtazama yule mtoto kitambo. Kisha akafungua vifungo vya gauni, akamtia kifuani, akamfunga kwa khanga ya mama. Rubani akaanza kulalamika uzito. Sista akashusha mfuko wake wa nguo na galoni la maji, akavitupa nje.

"Uzito nimeutoa. Twende!"

Ikapaa. Nikabaki uwanjani na mama na kitanda kitupu.

Sitawadanganya, nililia. Bruda alisema habari zitakuja kesho yake saa tatu, redio ikifunguliwa. Nilisali rozari mpaka nikachanganya mafumbo. Mama naye alikuwa na wa kwake anaoongea nao, na siku hiyo sikumkataza.

Kesho yake redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ikatoka:

"Mwambieni mwalimu wamefika watatu."

"Rudia!" nikapiga kelele, wakati kifaa chenyewe kashika Bruda.

"Watatu. Mama na watoto wawili."

Jamani! Nilimbusu Bruda kwenye upara. Mama akapiga vigelegele mpaka mbuzi wa misheni wakakata kamba.

Baadaye Kabula akanisimulia. Ndege ilipofika juu ya ziwa, Sista aliona hakuna muda. Akaosha mikono kwa spiriti, akapiga magoti sakafuni na Kulwa amemfunga mgongoni sasa, akaingiza mkono, akamgeuza mtoto. Rubani akageuka kuangalia, akafokewa, "Wewe tazama mbele, huku hakukuhusu!" Doto akatoka, msichana, wa bluu kidogo. Akampulizia, akamsugua, mtoto akalia. Damu ikasimama.

Pembeni kidogo: kwenda kumwandikisha huyo Doto ilikuwa kazi nyingine. Karani anauliza kazaliwa kata gani. Namwambia juu. Juu wapi? Juu ya maji. Akanitazama, akaandika "Mwanza" kwa hasira. Mpaka leo Kulwa anamtania dada yake kwamba yeye ni raia wa mawingu.

Tuje kwenye tuzo.

Kabula aliporudi nilikuwa na jambo moja tu rohoni: huyu mwanamke ajue alichotufanyia. Asije akafikiri sisi ni watu wa kusahau. Ndege ilikuwa inapita misheni kila mwezi kwa kliniki, na inakaa saa moja na nusu tu. Nikaomba tupewe muda na Sista.

Nikaandika risala kurasa nne. Nikachora cheti kwa mkono, na ndege juu yake, ingawa watoto wa darasa la tatu waliniuliza kwa nini nimechora kambale. Mzee Luhende akaleta mtamba wa zawadi, anataka apandishwe kwenye ndege aende Mwanza. Ilinichukua siku mbili kumwelewesha.

Lakini wazee wakasema ngoma ya mabasa haijachezwa bado, na aliyempokea Doto lazima awepo. Nikamfuata mama.

"Mama, huyu ni mgeni. Naomba aheshimiwe."

"Ataheshimiwa," mama akasema. "Ataheshimiwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga hapa."

Nikaondoka nimeridhika. Mjinga mimi! Mtu mzima, Msukuma, nimezaliwa pale pale, nikasahau kwamba kwenye ngoma ya mabasa heshima yenyewe ni matusi. Wazazi wa mapacha wanatukanwa, ndugu wanatukanwa, na anayetukanwa zaidi ndiye mkubwa wa siku. Shule ilikuwa imeniosha kichwa.

Siku ikafika. Sista kakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, rubani pembeni, mimi nimesimama na risala. Nikasema, "Mgeni wetu mheshimiwa..."

Mama akainuka na ungo wake, akina mama thelathini nyuma yake.

"Oneni miguu hiyo!" wakaimba kwa Kisukuma. "Imepinda kama mpini wa jembe la kuazima!"

Sista akanigeukia kwa upole. "Wanasemaje, Mwalimu?"

"Wanasema... wanausifu mwendo wako, Sista."

"Mwizi huyu! Alikwenda kumficha mtoto mawinguni!"

"Wanashukuru kwa kumtunza Doto."

"Mdomo huo, akipiga miayo ndege inatua ndani!"

"Wanapenda... tabasamu lako."

Matusi yaliyofuata siwezi kuyaandika, mods watanipiga ban ya maisha. Jasho linanitoka, natafsiri tu: una roho nzuri, una mikono mizuri, Mungu akubariki. Sista anaitikia kwa kichwa, ametulia kama yuko kanisani.

Kisha akasimama. Akavuta pumzi. Akamnyooshea mama yangu kidole, na kwa Kisukuma kilichonyooka akasema:

"Wewe bibi kizee usiye na meno, hata uji unakushinda kutafuna, mbuzi wanakucheka zizini!"



Halafu pakalipuka! Akina mama walianguka chini kwa kucheka. Mzee Luhende alikumbatia mtamba wake. Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, na mimi nimeshika risala sijui niingie wapi.

"Sista! Kumbe unajua Kisukuma?"

"Mwalimu, mimi Msukuma wa Tinde. Tanga nilikwenda kusoma. Hujawahi kuniuliza."

Miezi yote hiyo, wakuu! Niliomba msamaha kwa niaba ya mama yangu kwa mtu aliyeelewa kila neno.

Mama alipomaliza kucheka akamsogelea. Akamuuliza, taratibu sasa, "Mwanangu, matusi haya hayafundishwi ovyo. Nani alikufundisha?"

Sista akasema, "Nilikuwa nawasikia akina mama wakiwachezea ngoma mapacha wengine. Mimi ni Doto, mayu. Mama alizaa Kulwa nyumbani, mimi nikakwama. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda hospitali, Kulwa wakamwacha kwa bibi ili mzigo upungue. Waliporudi na mimi, yeye walikuwa wameshamzika. Nikabaki peke yangu, kwa hiyo mimi sikuchezewa."

Nilikumbuka alivyomtazama mtoto wangu mlangoni mwa ndege, nikaelewa.

Mama akaweka ungo chini. Nikajua sasa atamfariji. Wapi! Alimshika sikio.

"Wewe mtoto mwenye kichwa kigumu kama kisiki! Miaka yote hii unatembea na jambo lako angani, unasubiri nani? Njoo hapa!"

Akamburuta mpaka kwenye mkeka walipokaa Kabula na watoto. Akamkalisha katikati, Kulwa wangu kwenye goti moja, Doto kwenye lingine. Wakamnyunyizia maji na unga, wakamtukana upya kuanzia unyayo mpaka utosi, safari hii na ukoo wake wote wa Tinde, na yeye anajibu kila tusi huku analia na kucheka kwa pamoja. Rubani alikuwa anaangalia saa. Baadaye akaacha kuiangalia.

Ndege iliondoka imechelewa, nesi wetu mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka raba. Risala sikuisoma hata mstari mmoja.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Hawa watu wanaoingia kwenye ndege kwenda kumfuata mgonjwa wasiyemjua, tunawaona gauni jeupe na sindano, tunasema ni kazi yao. Wapewe tuzo, tena wapewe nyingi, makofi yangu wanayo. Lakini mwenye kututoa kwenye hatari naye ana kwao, na ana kilichomtoa huko. Mimi niliandika kurasa nne za shukrani bila kujua hata kijiji chake.

Basi uwanja ni wenu. Mliowahi kubebwa na ndege hizo mtusimulie, wenye matusi ya mabasa yawekeni kwa Kisukuma mods wasielewe. Na kama humu ndani kuna muuguzi wa ndege, kwanza pokea wabeja sana, yaani asante sana, kutoka kwa Baba Kulwa.

Pili, niambie, kwenu ni wapi? Sasa hivi nauliza kwanza.