Sufuria ya Jirani

Sufuria ya umeme inachemka polepole tangu mchana, viazi chini, sosisi juu, na harufu imejaa nyumba nzima. Paketi ya zile sosisi nimeisoma mara tatu. Imeandikwa ng'ombe. Bado sijaamini.

Siku moja nilipokuwa mtoto, baba alirudi nyumbani Kasongo kutoka machimbo ya Salamabila kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, akaweka mezani mikebe miwili ya sosisi. Karatasi za maandishi kwenye mikebe zilikuwa zimebanduka.

"Iko nyama ya nini?" mama akauliza.

"Ya ng'ombe." Alijibu ameinama, akifungua viatu.

Sisi ni Waislamu. Mama hakubishana. Alinituma tu kwa jirani yetu Mkristo kuazima sufuria, ingawa yetu ilikuwa pale pale, safi, imefunikwa. Nguruwe, kama ni nguruwe, asiiguse. Mama akapanga viazi na vitunguu, akamimina sosisi, akaziacha zijipikie juu ya makaa yaliyokuwa yakififia. Chumvi hakuonja.

Alipopakua, aliweka pembeni bakuli la sombe ya jana, majani ya muhogo yasiyo na hata samaki.

"Anza wewe, baba ya watoto. Ni wewe uliileta."

Baba alipenda nyama kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mkono wake ukaenda kwenye sombe.

Mama akaniondolea sahani kabla sijagusa, akarudisha vyote ndani ya sufuria, hadi mchuzi.

"Mupelekee mwenye sufuria. Sufuria ya mutu haturudishake tupu."

Nikaibeba kwa mikono miwili, ingali moto. Nyuma yangu baba alikuwa akijiongezea sombe.