Nukta Zilizotangulia Saa

Nilikuwa mtu wa kujisifia uchovu. Wenzangu wa wodi ya uzazi pale Kitale wakiomba likizo, nilikuwa nawacheka. Mimi ni ngangari, niliwaambia, nyinyi mmelelewa na uji mwepesi. Siku zangu za mapumziko nilizipeleka kwetu Bungoma, kwenye kliniki ya kibinafsi, nikazalisha huko pia. Mkuu wa wodi, mama wa Sirisia asiyejua kunong'ona, alikuwa ameniletea fomu ya likizo mara tatu, na mara tatu nikaitupa kwenye droo. Niliamini kabisa kwamba nikikosekana siku mbili, wodi itaanguka.

Siku moja niliingia zamu ya asubuhi nikitoka Bungoma moja kwa moja, na sare ya jana mwilini. Tulikuwa wauguzi wawili kwa kina mama wanane wenye uchungu. Kitanda cha tano alilala msichana wa Kachibora, uzazi wake wa kwanza. Alikuwa mtulivu mno. Wanaopiga kelele ndio wanaopata muuguzi, na yeye hakupiga.

Kila mama ana karatasi yake ya uchungu. Kila nusu saa unamwekea tumboni fetoskopu, kile kitarumbeta kidogo cha kusikilizia, unahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, kisha unatia nukta kwenye karatasi. Daktari akiona nukta zimekaa mstari mmoja, anapita. Kuna tabia ambayo wakunga tunaijua na hatuisemi: ukilemewa, unazijaza nukta baadaye kwa kukisia. Mimi nilikuwa nimefika mahali naijaza hata nisipolemewa.

Mchana mkuu wa wodi akaokota karatasi ya kitanda cha tano.

"Sista, hebu kuja. Saa ni ngapi?"

Nikatazama ukutani. "Saa nane na dakika kumi."

"Na hii nukta yako ya mwisho iko saa ngapi?"

Ilikuwa kwenye saa tisa. Nilikuwa nimejaza zile nilizoziruka tangu saa sita na nusu, na mkono kwa mazoea ukapitiliza. Nilikuwa nimeandika mapigo ya moyo ambayo bado hayajapigwa.

"Ati siku hizi wewe ni nabii?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kina mama ni wanane na mimi nina mikono miwili. Alinitia fetoskopu mkononi. "Usiniambie kitu. Enda usikilize."

Niliinama juu ya tumbo la yule msichana. Sikusikia kitu. Nikahamisha chini kidogo, nikasikia damu yangu mwenyewe ikivuma sikioni.

"Sista, mtoto iko sawa?" akaniuliza.

 Nikahamisha tena, ndipo nikaupata moyo: pigo, kimya, pigo. Nilihesabu tisini. Nikarudia, themanini na tano. Haufai kushuka chini ya mia moja na kumi. Nilipomfunua, maji yaliyokuwa yakitoka yalikuwa ya kijani, maana yake mtoto amejisaidia humo ndani kwa shida. Niliogopa. Kwa wiki nyingi sikuwa nimehisi chochote kazini, na sasa niliogopa.

Tulimgeuza ubavu wa kushoto, tukamwekea oksijeni, tukamsukuma mbio hadi chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ananawa mikono.

"Moyo ulianza kushuka lini?"

"Sijui."

"Si umeandika hapa mia na arobaini?"

"Nimeandika. Sikusikiliza."

Alinitazama mara moja tu, akaingia. Nilisimama pembeni na taulo la kumpokea mtoto, nikiomba Mungu kwa maneno ya utotoni kwa sababu mengine yalinikimbia. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, amelegea, rangi ya majivu. Nilimpulizia hewa kwa barakoa, nikihesabu kwa sauti, na safari hii kila namba niliihesabu kweli. Kisha akakohoa. Akalia, kilio chembamba. Nikaketi sakafuni.

Baadaye mkuu wa wodi aliniwekea ile karatasi mezani. Katika kazi yetu kosa la maandishi halifutwi. Unalipiga mstari mmoja, libaki likisomeka, halafu unaandika jina lako na saa. Nilipiga mstari kwenye nukta zote ambazo sikuzisikiliza, nikaandika jina. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya likizo.

"Ripoti nitaandika, usidhani nitakuficha. Lakini hii nayo utaweka sahihi leo."

"Na zamu zangu atashika nani?"

"Hiyo si shida yako. Ukikufa leo, si kesho tutapanga zamu?"

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi sikuwa hata nimekubali kwamba naumwa. Nililia pale mezani, kwa aibu zaidi kuliko kwa shukrani, nikatia sahihi.

Kabla sijaondoka nilipita kwa msichana wa Kachibora. Alikuwa macho, mtoto amelala upande niliosimama. Nilimweleza yote: kwamba tangu saa sita na nusu hadi saa nane na dakika kumi sikumsikiliza mtoto wake, na kwamba niliandika uongo.  Kisha akambeba mtoto polepole, akamhamishia upande wa pili. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Kesho ni wewe utakuwa hapa?" akauliza.

"Hapana. Naenda nyumbani Bungoma kupumzika."

"Sawa," akasema. Akashusha pumzi, na mabega yake yakalegea kwenye mto.